Kilemba na Kura: Historia ya Kuomba Udiwani katika Mji Mdogo

Neno diwani lina nyumba mbili katika lugha yetu. Katika nyumba ya kwanza anakaa mshairi: akikusanya tungo zake katika kitabu kimoja, kitabu hicho huitwa diwani. Katika nyumba ya pili anakaa mwakilishi wa kata katika halmashauri, naye pia huitwa diwani. Neno lenyewe lilitoka Uajemi likapita Uarabuni, na katika safari hiyo lilikuwa na maana ya daftari, na tena maana ya baraza ambamo daftari hufunguliwa na mambo ya watu yakaamuliwa. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi aliingia katika nyumba zote mbili. Mwaka 1954 kilichapwa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na kabla ya Uhuru akawa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Kazi ya nyumba hizo mbili ni ya namna moja, nayo ni kukusanya. Diwani ya mshairi hukusanya maneno ya mtu mmoja apate kusikiwa na wengi. Diwani wa halmashauri hukusanya maneno ya wengi yapate kusikiwa mahali pamoja.

Makala haya yanahusu nyumba ya pili, na hasa mlango wake: mtu huingiaje humo? Tumechagua kuitazama habari hiyo katika miji midogo ya Mrima, kama Bagamoyo na Pangani, kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko cheo cha diwani kilikokuwako kabla ya halmashauri, kabla ya Mwingereza na kabla ya Mjerumani. Pili, katika jiji kubwa mgombea ni picha iliyobandikwa ukutani, lakini katika mji mdogo mgombea ni jirani. Anayemwomba kura ni mtu aliyemkopesha sukari, au aliyesoma naye chuo, au aliyemposa dada yake akakataliwa. Huko mambo ya uongozi huonekana utupu wake, bila pazia.

Swali tunaloliuliza ni hili: mtu anayetaka kuuongoza mji ana deni gani kwa mji huo? Swali hili si la jana. Wazee wetu walilijibu kwa njia yao, wakoloni wakalifuta, Uhuru ukalirudisha, na katika miaka ya karibuni limefika mpaka mahakamani. Wapo waliosema kwamba desturi yetu inamruhusu mgombea kuwalisha wapiga kura. Yafaa basi tuitazame desturi hiyo kama ilivyokuwa, tusije tukaibebesha mzigo usio wake.

Shahidi wetu mkubwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ndiyo kiini cha kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903. Humo tunaonyeshwa vyeo vya mji wa Mrima: jumbe, ambaye katika miji mingi ndiye aliyeitwa pia diwani, na pamoja naye shaha, waziri, amiri na akida. Vyeo hivi havikuwa vya kuokota njiani. Mtu alipaswa kwanza kuwa mwungwana wa ukoo unaojulikana. Kisha yeye na jamaa zake walipaswa kutoa ada kwa wenye vyeo waliotangulia, na kuufanyia mji karamu: wali upikwe, ng'ombe wachinjwe, ngoma zichezwe, watu wale na kushiba. Hapo ndipo alipofungwa kilemba, na mji ukamjua kuwa ni jumbe.

Kilemba katika lugha yetu si kitambaa tu. Ni heshima, na tena ni ada: mwalimu wa chuo alipewa kilemba mwanafunzi alipohitimu, na fundi alipewa kilemba mwanagenzi alipomaliza kujifunza. Kwa hiyo kuvaa kilemba na kutoa kilemba ni mambo mawili yaliyofungamana. Aliyevaa ndiye aliyetoa. Na kwa kuwa watu wa pwani hawakosi dhihaka, waliongeza kilemba cha tatu, kilemba cha ukoka, yaani sifa za uongo anazovikwa mtu asiyestahili. Lugha yenyewe imeshatuonya kwamba si kila kichwa kilichofungwa kilemba kina uongozi ndani yake.

Ni kosa kudhani kwamba karamu ile ilikuwa ni manunuzi. Hakuna aliyekuwa na kura ya kuuza. Waliokuwa na neno la kumkubali mtu ni wenye vyeo wenzake na wazee wa koo. Umma ulikuja kula, kucheza na kushuhudia, na huo ushuhuda ndio uliokuwa thamani ya karamu. Jambo lilifanyika kweupe, mbele ya macho ya mji mzima, na ada ilikuwa ni ya kujulikana. Tena karamu ile haikuwa mwisho wa kutoa, bali mwanzo. Jumbe alitarajiwa kuwa mtu wa mlango wazi: mgeni akifika afikie kwake, wagombanao wakimbilie barazani pake, sikukuu ikija nyumba yake isikose moshi. Akifunga mkono, heshima yake ilipungua ingawa kilemba kilibaki kichwani. Wahenga walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mithali hii husemwa mara nyingi kumlaumu mlaji asiye na shukrani. Lakini tukiisikiliza kwa sikio la kiongozi, ni mithali kali ya uwajibikaji: karamu ya jana haiwezi kulipa deni la leo.

Hata hivyo, hatuandiki haya ili tuulilie wakati ule. Mji wa majumbe ulikuwa mji wa waungwana na watumwa. Mali iliyopika wali ule ilitoka kwa kiasi kikubwa katika biashara ya misafara, pembe za ndovu na watu, na katika mashamba yaliyolimwa na mikono isiyolipwa. Mtumwa alikula karamuni, lakini hakuweza kuota kwamba siku moja kilemba kitakuwa chake. Wapagazi Wanyamwezi walioshusha mizigo Bagamoyo kwa maelfu walikuwa wageni wa kutozwa, si wenyeji wa kuulizwa. Na wanawake waliotwanga mpunga wa karamu hizo, kwa kawaida hawakukaa katika baraza la wanaume wenye vyeo. Basi ukarimu wa jumbe ulikuwa mkubwa, lakini mlango wa ujumbe ulikuwa mwembamba sana. Hayo mawili hatuna budi kuyashika pamoja. Anayeshika moja na kuacha la pili hasemi historia, anasimulia hadithi.

Kabla ya Wazungu, madaraka ya majumbe yalikuwa yamekwisha kupunguzwa na Sultani wa Unguja, aliyeweka maliwali na askari wake katika miji ya pwani wapate kusimamia ushuru. Hata hivyo majumbe waliachiwa heshima yao na sehemu ya mapato yao. Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kuichukua pwani mwezi Agosti 1888, haikuwa na subira hiyo. Pangani ikawaka kwanza, na moto ukaenea pwani yote. Vita vile vikaongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye Wajerumani walimnyonga hapo hapo Pangani mwezi Desemba 1889, na upande wa Saadani vikaongozwa na Bwana Heri. Habari zake zilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah, na watoto wa shule wameusoma. Bagamoyo, ambayo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, iliumia sana katika vita hivyo.

Baada ya hapo neno jumbe halikufa, lakini lilibadilishwa moyo. Serikali ya Kijerumani ililichukua ikaliweka katika mnyororo wake wa amri: gavana, bwana mkubwa wa wilaya, akida, jumbe. Jumbe wa namna hii hakufungwa kilemba na wenzake, wala hakuufanyia mji karamu. Aliteuliwa. Kazi yake ikawa kutafuta watu wa kazi na, kuanzia mwaka 1898, kusimamia kodi ya nyumba. Zamani jumbe alipewa cheo kwa sababu ya kile alichoutolea mji. Sasa alipewa cheo kwa ajili ya kile alichoweza kuutoza. Katika mgeuko huo mfupi imo historia nzima ya ukoloni.

Waingereza walikuja na maneno laini zaidi. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watawala wa jadi mamlaka ya kutawala watu wao chini ya macho ya mabwana shauri. Katika miji midogo ya pwani liwali alibaki, akahukumu mashauri na kupokea maagizo. Mamlaka za miji midogo zilikuwa na wajumbe, lakini wajumbe hao waliteuliwa na serikali, na mwenyekiti wa kawaida alikuwa bwana shauri mwenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilifungua mlango wa mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa, ila mlango huo ulifunguliwa kwa kipimo. Kipimo hicho tunakiona wazi katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa miaka ya 1958 na 1959. Ili kupiga kura, mtu alipaswa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika cheo fulani kilichotajwa. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mvuvi wa Pangani aliyejua bahari yote, lakini hakujua pauni 150, hakuwa mtu mbele ya sanduku lile.

Ndiyo maana tunasema kwamba kura ya wote, iliyokuja na Uhuru, ilikuwa tukio kubwa la utamaduni wetu, wala si jambo la siasa peke yake. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Katika uchaguzi wa Bunge wa mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wananchi wa Tanzania Bara waliwekewa katika majimbo yaliyoshindaniwa alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma apate naye kuchagua. Mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa jumbe walisimama katika mstari mmoja, mwanamke mbele na mwanamume nyuma, na karatasi za wote zilikuwa na uzito mmoja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaongeza masharti ya uongozi, na neno likaenea nchini kwamba cheo ni dhamana. Kwa maneno mengine, kilemba si mali ya aliyekivaa, amekabidhiwa tu.

Kisha tukajifunza jambo kwa kulikosa. Mwaka 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kusogeza madaraka karibu na wananchi. Lakini watumishi waliopelekwa mikoani waliwajibika juu kuliko chini. Katika miji, mitaro iliziba, taka zikarundikana, barabara zikachimbika, shule na zahanati zikachakaa. Magonjwa, na hasa kipindupindu kilichotusumbua katika miaka hiyo ya 1970, yalipata njia pana. Haikuwa kwamba watumishi hawakujua kazi. Wengi walijua sana. Lakini mtumishi anayengoja uhamisho hanuki mtaro kama anavyounuka mtu anayelala kando yake. Kazi ya diwani, kabla ya kazi nyingine zote, ni kunuka mtaro huo kwa niaba ya wenzake, na kwenda kuusema mahali pa kusemea.

Mwaka 1978 sheria ya muda ilizirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria za Serikali za Mitaa, moja kwa mamlaka za wilaya na nyingine kwa mamlaka za miji, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya nchi nzima. Katika mwaka huo huo Serikali za Mitaa ziliwekwa ndani ya Katiba, katika ibara za 145 na 146, ili zisiwe tena jambo la kufutika kwa urahisi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, uchaguzi wa madiwani wa Oktoba 1994 ndio uliokuwa wa kwanza wa kuwakutanisha wagombea wa vyama mbalimbali nchini. Kuanzia mwaka 2000 madiwani wamechaguliwa siku moja na Rais na wabunge, na mwaka 2024 chaguzi hizo tatu ziliwekwa katika sheria moja.

Masharti ya kugombea yenyewe hayakuwekwa kwa ajili ya wakubwa. Chini ya sheria iliyotumika kwa miaka mingi kabla ya hiyo ya 2024, mgombea alitakiwa awe raia, ametimiza umri wa miaka 21, mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri, ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mwenye njia halali ya kujipatia riziki, mwanachama wa chama kilichomdhamini. Linganisha na mlango wa jumbe. Hakuna neno ukoo. Hakuna neno ng'ombe. Muuza samaki wa Bagamoyo ajuaye kusoma na kuandika, akiungwa mkono na chama chake, anaweza kuchukua fomu sawasawa na mwenye hoteli. Na kwa wanawake, pamoja na haki ya kugombea kata, sheria iliongeza viti maalumu visivyopungua theluthi moja, ingawa wapo wanawake wasiosubiri viti hivyo, wakaenda kuomba kata zao wenyewe wakapewa.

Lakini mlango ukipanuliwa na sheria, mali huja kuufinya tena. Sisi tuliokuwa makarani vijana katika chaguzi za miaka ya tisini tuliona namna maneno yalivyobadilika mitaani. Zamani mpiga kura aliuliza, "Huyu ni nani?" Kisha akaanza kuuliza, "Huyu ametuletea nini?" Kanga, fulana, kilo ya mchele, soda za vijana wa kijiweni, mchango wa msiba ambao mgombea hakuwahi kuuhudhuria miaka minne iliyopita: haya yote yakawa lugha ya kampeni. Na mithali hazikukosa za kuyapamba. Mkono mtupu haulambwi, walisema.

Mwaka 2000 jambo hilo lilipata mavazi ya sheria. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikasema kwamba kitu kinachotolewa kwa nia njema, kwa ukarimu wa kawaida au wa jadi, kisihesabiwe kuwa ni rushwa. Watu wakakiita takrima. Neno zuri la kale, lenye maana ya heshima kwa mgeni, likalazimishwa kufanya kazi ambayo halikuzaliwa nayo. Mashirika matatu yasiyo ya kiserikali yalikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo, na mwaka 2006 Mahakama ikavibatilisha kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba: vilimbagua mgombea maskini mbele ya mgombea tajiri, na kuondoa usawa ambao Katiba imeuahidi. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyoweka mipaka ya matumizi na kutaka yatangazwe.

Mahakama iliamua kwa Katiba, kama ilivyopasa. Sisi twataka kuongeza ushahidi wa utamaduni, kwa sababu waliotetea takrima walisema ni mila. Je, ni mila? Tuiweke kando ya karamu ya jumbe tuone. Karamu ya jumbe ilikuwa kweupe. Takrima mara nyingi ilipita usiku, kwa mjumbe wa mjumbe. Karamu ilikuwa ya mji mzima, rafiki na hasimu. Takrima ilikwenda kwa wale walioandikwa katika orodha. Karamu haikudai kura, maana kura haikuwapo. Takrima ilidai kura, na wakati mwingine ikamwapisha mpokeaji. Karamu ilifungua deni la maisha, jumbe akawa mtumwa wa mlango wake mwenyewe. Takrima ilifunga deni. Aliyepewa kilo ya mchele akija miaka miwili baadaye kuuliza habari ya choo cha soko, hujibiwa kwa macho kama si kwa maneno: wewe si ulikwisha kulipwa? Hapo ndipo penye madhara makubwa kuliko yote. Takrima humnyima maskini chakula cha kesho kwa kumpa cha leo, na zaidi ya hapo humnyang'anya haki ya kuuliza.

Kwa hiyo takrima haikuchukua lililo jema katika mila, yaani uwazi na wajibu usiokoma. Ilichukua lile lililokuwa baya, yaani mlango mwembamba wa wenye mali, ikaliita utamaduni. Hatuwezi kuikubali hesabu hiyo. Utamaduni wa taifa si ghala la kuokotea visingizio. Ni shamba, na mkulima mwenye akili huchagua mbegu.

Katika mji mdogo yapo mambo mengine mawili yanayostahili kutajwa. La kwanza ni siri ya kura. Mtu wa jiji anaweza kuidhania kuwa ni utaratibu tu wa karani. Lakini fikiri juu ya kata moja ya Bagamoyo au Pangani, ambamo wagombea wawili ni watoto wa shangazi na mjomba, na wewe ni jamaa wa wote wawili, na mmoja ndiye anayekukodisha mashua. Bila siri ya kura ungelikuwa na uhuru gani? Kile kibanda cha kupigia kura, chenye upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ndicho mahali pekee katika mji mzima ambapo mtu mdogo hana mwenye nyumba, hana mdai wala mkwe. Wazee wetu waliujenga mji juu ya mambo ya kuonekana na watu wote. Uhuru uliongeza jambo moja la kutoonekana, nalo likakamilisha mengine: kutoa kwa kiongozi kuwe wazi, na kuchagua kwa raia kuwe siri. Takrima iliyageuza haya kichwa chini miguu juu. Kutoa kukawa siri, na mpiga kura akatakiwa aonyeshe wazi upande wake.

La pili ni siku ya baada ya uchaguzi. Katika mji mdogo aliyeshindwa hana pa kuhamia. Watakutana na mshindi katika swala au katika misa, katika harusi, katika kuchimba kaburi la mtu wa wote. Utamaduni wetu una dawa za jambo hili, nazo ni utani, suluhu za wazee, na ile adabu ya kumtangulia hasimu kwa salamu. Mgombea anayetukana katika kampeni anasahau kwamba miezi mitatu baadaye huenda akahitaji mabega ya wale aliowatukana kubeba jeneza la mama yake. Uchaguzi wa mji mdogo ukiendeshwa kwa adabu hiyo ni chuo cha taifa; ukiendeshwa kwa matusi huacha uadui unaorithiwa.

Basi mtu anayetaka udiwani leo, alete nini mkononi, ikiwa mkono mtupu haulambwi? Alete kwanza ujuzi wa kata yake: mtaro gani umeziba na tangu lini, ushuru wa soko unakusanywa na nani na unakwenda wapi, watoto wangapi wanakaa sakafuni. Alete ufahamu wa kazi anayoiomba. Diwani si tajiri wa kata, wala si mfadhili. Ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ni sauti moja katika baraza linalopitisha bajeti na sheria ndogo. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, wananchi walipumua. Lakini halmashauri nyingi zikazidi kutegemea ruzuku ya Serikali Kuu, na tangu hapo ustadi wa diwani umekuwa ni kulinda kichache kinachokusanywa na kudai kinachostahili. Anayeahidi kujenga daraja kwa fedha zake mwenyewe ama anasema uongo, ama anakusudia kujilipa baadaye.

Alete pia ahadi moja tu, ile ambayo maskini anaweza kuitoa sawasawa na tajiri: kwamba baada ya kila kikao cha baraza atarudi kwa watu wake na kuwaeleza, kweupe, kilichoamuliwa na kilicholiwa. Hiyo ndiyo karamu ya zama zetu. Haihitaji ng'ombe wala gunia la mpunga, nayo hushibisha muda mrefu zaidi. Kwa karamu hiyo diwani hurudi katika maana ya kwanza ya jina lake, kwa kuwa daftari la mji, lililofunguliwa mbele ya wenye mji, linalosomwa kwa sauti.

Na sisi wapiga kura tusijitoe katika lawama. Kilemba cha ukoka hakijifungi chenyewe kichwani mwa mtu. Sisi ndio tunaokisuka. Jumbe wa kale aliukuta mji unaojua kutazama, ukihesabu sinia zake, na kukumbuka. Yafaa watu wa miji yetu midogo wautunze ustadi huo wa kutazama, ila wahesabu yaliyo ya haki yao: siyo sinia alizozileta mgombea kabla ya kura, bali madaftari aliyoyafungua baada yake.